Caro-Kann kwa anayecheza nyeusi: muvu kwa muvu, na ile h6 iliyommaliza Kasparov

Kama ukipewa kete nyeusi kwenye chesi na mpinzani akianza na e4 unaanza kujikuna kichwa, huu mwongozo ni wako. Nakupa ufunguzi mmoja tu (mpangilio wa muvu za mwanzo), Caro-Kann, na nakupitisha njia zake zote kubwa mpaka uweze kuingia nao hata kwenye mashindano. Katikati tutatumia gemu moja maarufu sana, Garry Kasparov dhidi ya Deep Blue, ile kompyuta ya IBM, gemu ya 6 na ya mwisho, New York, tarehe 11 Mei 1997. Nimeichagua hiyo kwa makusudi maana kosa alilofanya bingwa wa dunia siku ile ndilo hilo hilo naliona kila siku onlaini, mtu anasogeza h6 kabla ya wakati wake halafu anashangaa mfalme wake kachomwa katikati ya ubao.

Kabla hujaanza

Toa ubao uweke mezani, au fungua ubao wa kuchambulia kule Lichess, tovuti ya chesi, ni bure. Ukisoma muvu hizi kwa macho tu utatoka kapa. Herufi ni zile zile za kwenye apu zote: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, askari hana herufi. x ni kula, + ni cheki, # ni meti, O-O ni kaslingi fupi, O-O-O ni kaslingi ndefu (kaslingi ni mfalme na ngome kusogea pamoja kwa muvu moja). Nyumba inatajwa kwa herufi ya safu (a mpaka h) na namba ya mstari (1 mpaka 8), na farasi wawili wakiweza kufika nyumba moja tunataja anakotoka: Ngf6 ni farasi wa safu ya g, N1f3 ni farasi wa mstari wa 1. ! ni muvu nzuri, ? ni kosa, ?? ni kosa kubwa. Ukiona nukta tatu, mfano 5...Nf6, ujue hiyo ni muvu ya mweusi.

Muvu mbili za kwanza

1.e4 c6 2.d4 d5

Basi. Mweupe kachukua katikati yote, wewe umeipiga ngumi na d5, na c6 iko nyuma inailinda, akila unarudisha kwa askari na d5 inabaki imekaliwa. Sasa kwa nini c6 na sio e6? Ukicheza 1...e6, ile difensi ya Kifaransa, askofu wako wa c8 anabaki kajifungia nyuma ya askari wake mwenyewe na unaweza kumaliza gemu nzima hajafanya kazi. Kwenye Caro-Kann njia ya c8 iko wazi, kwa hiyo sheria yako ya kwanza ni hii: askofu wa c8 atoke nje, ndipo ucheze e6. Kuna njia mbili tu hapa chini ambapo sheria hii tunaivunja, Panov na ile iliyomuumiza Kasparov, subiri tunafika.

Bei yake ni kwamba umetumia muvu moja kwa c6 ambayo haitoi kete yoyote nje, na ile c6 ndiyo nyumba farasi wako wa b8 angeipenda. Kwa hiyo usitegemee kummaliza mtu kwenye muvu 15. Ufunguzi huu ni wa mtu mvumilivu, unajenga ukuta, unabadilishana kete mbili tatu, halafu unambana mwishoni. Jina limetoka kwa Horatio Caro wa Berlin na Marcus Kann wa Vienna waliochapisha uchambuzi wao 1886, na mwaka mmoja kabla Kann alishampiga Jacques Mieses kule Hamburg kwa muvu 24 tu. Baadaye wakaja kina Capablanca, Botvinnik, Petrosian na Karpov, wote mabingwa wa dunia, na wote watu wagumu kupigika.

Baada ya 2...d5 mweupe ana njia nne za kweli: 3.Nc3 (au 3.Nd2, mara nyingi inaishia pale pale), 3.e5, 3.exd5 na 3.f3. Tuanze na ya kwanza maana ndiyo yenye mambo.

Akicheza 3.Nc3

Unakula: 3...dxe4 4.Nxe4. Hapa una barabara mbili nzuri.

Ya kwanza ni 4...Bf5, askofu katoka, farasi wake kaguswa. 5.Ng3 Bg6 6.h4 na hapa h6 ni LAZIMA, usipocheza anakuja h5 na askofu wako kakosa pa kwenda. Halafu 7.Nf3 Nd7, hiyo Nd7 usiisahau, inamzuia farasi asikae e5. 8.h5 Bh7 9.Bd3 Bxd3 10.Qxd3 e6 11.Bd2 Ngf6 12.O-O-O Be7, na wewe unafanya kaslingi fupi. Anayeanza namshauri hii, muvu zinafuatana zenyewe na hakuna mabomu mengi.

Ya pili ni 4...Nd7, ndiyo aliyoipenda sana Karpov. Wazo lake ni kwamba ukileta farasi mwingine f6 na mweupe akala, unarudisha kwa farasi wa d7, askari wako hawaharibiki. Kimpangilio ni nzuri sana, ila ina mitego ambayo kama huijui utakufa kabla chai haijapoa.

Mtego wa kwanza: 5.Qe2. Inaonekana muvu ya ajabu, malkia kamziba askofu wake mwenyewe. Wewe unasema sawa naendelea na mpango wangu 5...Ngf6 na hapo hapo 6.Nd6#. Askari wa e7 hawezi kula maana malkia wa e2 anamwangalia mfalme wako moja kwa moja, na mfalme kazungukwa na kete zake mwenyewe. Alekhine, bingwa wa dunia wa zamani, alishawahi kuwapiga watu hivyo hivyo. Dawa yake ni 5...Ndf6, unatumia farasi wa d7, njia inafunguka, yameisha.

Sasa ile h6

Njia ya kisasa ya mweupe ni 5.Ng5. Farasi kasogea mara ya tatu, watu wanaona kama ujinga, na mkono unawasha umfukuze kwa h6. Usithubutu. Angalia inavyokuwa, weka ubaoni:

Ukicheza 5...h6, anajibu 6.Ne6! na ukila 6...fxe6 basi 7.Qh5+ g6 8.Qxg6#.

Ukisema ngoja nitoe farasi kwanza, 5...Ngf6 6.Bd3 ndipo 6...h6, anajibu tena 7.Ne6! na ukila 7...fxe6 ni 8.Bg6#, askofu mmoja kamaliza kazi yote peke yake.

Ukisema basi nafunga kabisa ile e6, 6...e6 7.N1f3 halafu 7...h6, hapo sasa hufi papo hapo lakini ndipo alipofia Kasparov.

Umeona kinachojirudia? Ile diagonali (mstari wa mshazari) ya h5 mpaka e8. Askari akitoka h7 kwenda h6, nyumba ya g6 inabaki bila mlinzi, f7 ikifunguka tu mfalme yuko uchi, na hawezi kukimbia maana d8, e7, d7 na f8 zote zimejaa watu wake. Tatizo sio farasi wa g5. Tatizo ni kwamba askofu wako bado yuko f8 na mfalme hana mlango wa kutokea.

Gemu yenyewe

Hali ilikuwa hivi. 1996 kule Philadelphia Kasparov aliishinda Deep Blue 4-2. IBM wakarudi kuijenga upya, timu ya kina Feng-hsiung Hsu, Murray Campbell na Joe Hoane, na granmasta (mchezaji wa cheo cha juu kabisa) Joel Benjamin akisaidia upande wa ufunguzi. Mashine mpya ilikuwa inapitia kama hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Mei 1997 wakakutana tena, Kasparov kashinda gemu ya 1, mashine ya 2, ya 3, 4 na 5 sare. Kwa hiyo wanaingia gemu ya 6 wako 2.5 kwa 2.5, Kasparov ana nyeusi, na zawadi ya mshindi ni dola 700,000.

1.e4 c6 2.d4 d5 3.Nc3 dxe4 4.Nxe4 Nd7 5.Ng5 Ngf6 6.Bd3 e6 7.N1f3 h6?

8.Nxe6!

Kompyuta za wakati ule zilikuwa na sifa ya ubahili, hazitoi kete kama hazioni faida iliyohesabika, na watu wengi wanaamini Kasparov alitegemea mashine itarudisha tu farasi e4. Lakini Deep Blue haikuhitaji kufikiri hapo, muvu hiyo ilikuwa imeshaingizwa kwenye kitabu chake cha ufunguzi na binadamu. Kwa hiyo kama unasema kompyuta ilimshinda mtu kwa akili, mimi kwa gemu hii nasema hapana, alishindwa na maandalizi ya watu waliokaa mezani kabla yake.

8...Qe7 9.O-O fxe6 10.Bg6+ Kd8. Simama hapa uangalie ubao dakika mbili nzima. Mweusi ana farasi mmoja zaidi kwa askari mmoja. Lakini mfalme yuko d8, kaslingi imekufa, malkia kamziba askofu wa f8, askofu wa f8 kaifungia ngome ya h8, na askofu wa c8 hana pa kutokea. Una kete nyingi lakini hazichezi, na kete isiyocheza huwezi kuihesabu.

11.Bf4 b5? Hii ndiyo ilizidisha ubaya. Alitaka nafasi upande wa malkia lakini kampa mweupe kitu cha kung'ata. 12.a4 Bb7 13.Re1 Nd5 14.Bg3 Kc8 15.axb5 cxb5 16.Qd3 Bc6 17.Bf5! Ile e6 imebanwa na ngome, na nyuma yake yupo malkia. 17...exf5 18.Rxe7 Bxe7 19.c4 na Kasparov akanyosha mkono. Ukihesabu kete bado sio aibu, ana ngome na kete mbili ndogo kwa malkia na askari mmoja, ila kila kitu kinaning'inia, c4 inafungua njia kuelekea mfalme na malkia anaisubiri f5. Mechi ikaisha 3.5 kwa 2.5, mara ya kwanza bingwa wa dunia kushindwa mechi na kompyuta kwa muda wa kawaida wa mashindano.

Njia sahihi

Rudi muvu ya 7. Mweupe kacheza 7.N1f3, wewe unacheza 7...Bd6! Basi, hiyo tu. Askofu katoka f8, mfalme kapata njia. Sasa 8.Qe2, anaangalia tena kuruka e6, na SASA ndio unacheza 8...h6. Akijaribu ujanja wa Deep Blue, 9.Nxe6 fxe6 10.Bg6+ Ke7, mfalme anakaa e7, kisha anapata pa kurudi f8, na mweupe hana ile kamba ya kumfunga. Kwa hiyo anarudi 9.Ne4 Nxe4 10.Qxe4.

Hapa kuna bomu la mwisho na watu wengi sana wanalikanyaga. Unaona mfalme bado katikati unasema nifanye kaslingi haraka, 10...O-O?? na 11.Qh7#. Askofu wa d3 yuko nyuma ya malkia, h7 haina askari. Cheza 10...Nf6 kwanza, umfukuze malkia na uilinde h7. 11.Qe2 Qc7 12.Bd2 b6 13.O-O-O Bb7, halafu unaandaa c5. Ile askofu ya c8 niliyosema lazima itoke kabla ya e6, kwenye njia hii inatokea b7 na inakuwa kali mara c5 ikishapita. Ndiyo ile sheria tuliyoivunja.

Mimi binafsi kwa dakika 3 au 5 nacheza 4...Bf5, na 4...Nd7 naiweka kwa gemu ndefu ambako kuna muda wa kukumbuka mpangilio.

Akicheza 3.e5

Onlaini hii utaiona sana. Unatoa askofu bila kufikiri, 3...Bf5, halafu e6 baadaye. Sasa una mnyororo wa askari kama wa Kifaransa ila askofu wako yuko nje, yaani umepata kilicho bora.

Akija taratibu, 4.Nf3 e6 5.Be2, hiyo granmasta wa Uingereza Nigel Short ndiye aliyeipa umaarufu, unaweza kucheza 5...Nd7 6.O-O Ne7, halafu h6 ili askofu apate pa kujificha h7, na mbele ya safari unapiga c5. Hapa h6 haina shida, katikati imefungwa na diagonali zile hazina mtu wa kuzipita.

Akija na fujo, 4.h4, ile Tal, bingwa wa dunia wa wakati ule, alimchezea Botvinnik kwenye mechi ya ubingwa 1961, wewe jibu 4...h5. Usicheze 4...e6?? kwa mazoea maana 5.g4 Be4 6.f3 Bg6 7.h5 na askofu kafa. Baada ya 4...h5 mara nyingi inaendelea 5.Bd3 Bxd3 6.Qxd3 e6 na mko sawa, malkia wako anapenda kwenda b6 au a5.

Akicheza 4.Nc3 e6 5.g4 Bg6 6.Nge2, usilale, piga katikati hapo hapo kwa 6...c5, na akicheza 7.h4 mjibu h5. Njia hii ni kali kweli kweli, ikikutisha ipitie na injini (programu ya kuchambua chesi) jioni moja nzima, mwongozo hautoshi.

Akicheza 3.exd5

3...cxd5. Wengi wanaocheza hii wanatafuta gemu tulivu, na mara nyingi ni mtu mwenye reitingi (alama za kiwango cha mchezaji) ndogo kuliko wewe anayetaka sare. Usimkasirikie. 4.Bd3 Nc6 5.c3 Nf6 6.Bf4 Bg4 7.Qb3 Qd7 8.Nd2 e6 9.Ngf3 Bxf3 10.Nxf3 Bd6. Umebadilisha askofu wako mgumu kwa farasi, na askofu wake mzuri wa f4 utambadilisha pia akikubali, sasa mpango wako wa muda mrefu ni kusukuma b5 mpaka b4 upande wa malkia, uwavunje askari wake wa c3 na b2, abaki na udhaifu mmoja ambao utaukalia mpaka mwisho. Ila isiwe unadharau, maana Mmarekani Bobby Fischer alimshinda Petrosian kwa muvu hii hii ya 4.Bd3 kule Belgrade 1970 kwenye mechi ya Umoja wa Kisovieti dhidi ya dunia nzima, na Petrosian alikuwa mlinzi wa kutisha.

Akicheza 4.c4 hiyo ndiyo njia inayoitwa Panov, hapo gemu inabadilika sura. 4...Nf6 5.Nc3 e6 6.Nf3 Bb4. Mara nyingi mweupe ataishia na askari wa d4 aliye peke yake bila jirani. Kazi yako ni kuweka farasi d5 umzibe, kubadilishana kete ndogo kadri uwezavyo, na kufanya kaslingi mapema. Kete zikiwa nyingi ubaoni yule askari ni nguvu yake, zikipungua ni mzigo wake.

Vichochoro viwili

Kuna anayecheza farasi wawili bila d4: 2.Nc3 d5 3.Nf3. Hapa usijisahau ukacheza kama kawaida 3...dxe4 4.Nxe4 Bf5?, maana 5.Ng3 Bg6 6.h4 h6 7.Ne5! ile Nd7 yako imechelewa. 7...Bh7 8.Qh5 g6 9.Bc4! na ukimla malkia, 9...gxh5, ni 10.Bxf7#. Cheza 3...Bg4 4.h3 Bxf3 5.Qxf3 e6, mkavu na salama.

Na kuna 3.f3, ambayo watu wa blitz (gemu za dakika chache tu) wanaipenda. 3...dxe4 4.fxe4 e5! na wengi wanakula 5.dxe5?? wanapigwa 5...Qh4+, wakiziba 6.g3 unachukua 6...Qxe4+ na ngome ya h1 ndiyo inafuata kuliwa. Anayejua atacheza 5.Nf3 na hapo mnaendelea kupambana.

Kufanya mazoezi

Usijaribu kukariri yote haya kwa mkupuo. Chukua 3.e5 na 3.exd5 kwanza maana ndizo utakazokutana nazo zaidi, cheza gemu za dakika 10, sio bullet (zile za dakika moja), na kila gemu ikiisha tafuta muvu ya kwanza ambayo mmoja wenu alitoka kwenye njia, wewe au yeye, na ujiulize ungefanya nini. Kule Lichess kuna sehemu inayokuonyesha watu wa reitingi yako wanacheza nini kwenye kila hali, itumie, maana hakuna faida kusoma muvu ya 18 ya granmasta wakati mpinzani wako anaharibu kwenye muvu ya 5. Injini kama Stockfish ifungue mwishoni kabisa, ukishasema mwenyewe unachofikiri.

Kwenye mashindano ya ubao wa kawaida kuna la ziada: ukigusa kete unaichezesha. Kwa hiyo ile 10...O-O?? haina kurudi nyuma.

Na mpinzani asipoanza na e4? Akicheza 1.d4 jibu d5, akija 2.c4 unaweka c6 ile ile, hiyo inaitwa Slav, ukuta ni wa aina ile ile na askofu wa c8 bado njia yake iko wazi.